Ng'ombe wa Chuma wa Bweranyange: Sanaa na Uhalali wa Utawala Karagwe

John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mwezi Novemba 1861, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba sanamu ndogo za ng'ombe wa chuma alizoziona katika nyumba ya mfalme zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro, kituo cha biashara kilichokuwa jirani, ili kumburudisha mwenyeji wake. Dai hilo linakosea kuhusu waliozifua sanamu hizo, na linakosea zaidi kuhusu kazi yazo, kwa kuwa hazikuwa vitu vya kuchezea bali propaganda, yaani uenezi wa makusudi wa fikra zinazompa mtawala uhalali mbele ya watu wake.

Karagwe ilitawaliwa na Wahinda, ukoo ulioanzishwa na Ruhinda, na makao makuu yake yalikuwa Bweranyange. Linalosahaulika ni kwamba masimulizi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi, na kwamba chuma kiliyeyushwa na kufuliwa Karagwe kwenyewe. Katika vyombo vya kifalme, ng'ombe mwenye pembe ndefu aliwagusa wafugaji, nyundo na fuawe (chuma ambacho juu yake mhunzi hupigia kazi yake) viliwagusa mafundi na wakulima waliotegemea majembe yao, na mfalme aliyemiliki vyote alijionyesha kuwa kiungo cha pande zote. Henry Morton Stanley, mpelelezi mwingine aliyefika mwaka 1876, aliikuta nyumba ya hazina yenye bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi. Shaba hiyo huenda ililetwa na misafara ya pwani, lakini asili ya malighafi haimnyang'anyi fundi kazi yake. Speke, ambaye pia aliwapa watawala wa eneo hili asili ya Uhabeshi, alikuwa na desturi ya kutafuta nje chanzo cha kila kilichomvutia.

Speke mwenyewe, hata hivyo, ndiye aliyeacha ushahidi bora zaidi dhidi ya dai lake, kwani alionyesha jinsi ngoma, chombo kingine cha ikulu hiyo, zilivyofanya kazi ya kisiasa. Aliandika kwamba ngoma zilipangwa na kupigwa mbele ya Rumanyika kila mwezi ulipoandama, ili ijulikane ni wangapi kati ya raia wake walikuwa watiifu. Aliandika pia simulizi ya Rumanyika kwamba, Ndagara alipofariki, ngoma ndogo yenye dawa iliwekwa mbele ya wana watatu waliogombea kiti, na ni yeye peke yake aliyeweza kuiinua. Simulizi hiyo haina nafasi ya bunduki za Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kaze (Tabora), aliyelipwa pembe za ndovu kwa kumsaidia Rumanyika dhidi ya nduguye Rogero. Ngoma ilihubiri ridhaa ya mizimu pale ambapo baruti ilikuwa imeamua shauri.

Ukoloni ulivitawanya vyombo hivi, na baadhi ya kazi za chuma za Karagwe sasa zimo katika Linden-Museum, Stuttgart, Ujerumani. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini haja ya dola kujionyesha haikufutwa pamoja nao: Mwenge wa Uhuru, uliowashwa Kilimanjaro Desemba 1961, hukimbizwa wilaya kwa wilaya, zikiwemo Karagwe na Kyerwa, na kikundi cha muziki cha TOT (Tanzania One Theatre) chini ya Kapteni John Komba kiliimba sera za chama tawala, CCM (Chama Cha Mapinduzi), katika kampeni kadhaa.

Kuiita sanaa hii propaganda si kuidharau, kwani wahunzi wa Karagwe walifanya kazi ya kisiasa kwa ustadi ambao mgeni aliuona asiutambue. Walimu na watunza makumbusho hawana budi kulikataa dai la Speke waziwazi na kuwapa wahunzi hao nafasi yao katika historia.