Kerezo la Chuma na Klachi Yake

Wasikilizaji wetu, nani asiyepata kuona mguu wa kitanda uliokerezwa? Mti huzunguka, na fundi hushika patasi mkononi, akiisogeza kidogo kidogo mpaka umbo litokee. Hapo kale hata chuma kilikerezwa vivyo hivyo. Kazi ilikuwa nzito, na ilikuwa shida kubwa kupata vipande viwili vilivyolingana.

Mmoja wa walioigeuza kazi hiyo ni Mwingereza Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich mwaka 1771. Akiwa na miaka 18 aliingia karakana ya Joseph Bramah, mtengeneza makufuli wa London. Mwaka 1797 aliomba aongezewe mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma. Akakataliwa, akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe. Yapata mwaka 1800 alitengeneza kerezo la kukatia hesi. Vaucanson wa Ufaransa alikwisha kumtangulia kufunga kisu juu ya kitako chenye kuteleza. Maudslay alikiunganisha kitako na parafujo ndefu na magurudumu ya meno, kisu kikaenda chenyewe kwa kipimo.

Lakini mkono una akili ambayo parafujo haina: mkono hujua kuacha. Parafujo huzidi kusukuma hata kisu kikikwama. Kwa hiyo mafundi wa baadaye waliongeza klachi. Tutazame makerezo madogo ya South Bend, kiwanda kilichoanzishwa Marekani mwaka 1906 na ndugu wawili mapacha. Katika baadhi ya makerezo hayo, klachi ni visahani vya chuma vilivyopangwa pamoja nyuma ya bamba la mbele. Fundi akikaza kishikio, visahani hubanana na kisu huenda. Akilegeza, huachana na kisu husimama. Kisu kikikwama, visahani huteleza, na meno ya magurudumu husalimika.

Miaka ikipita, mafuta huganda kama ulimbo na kuchanganyika na unga wa chuma. Hapo klachi hukataa kuachia, ama huteleza bila kushika. Fundi mwenye haraka hutwaa spana akakaza kishikio kwa nguvu. Hilo ni kosa kubwa, kwani aua kile kile kilichowekwa kuiokoa mashine.

Yafaa afanye hivi. Kwanza auzime umeme kabisa. Aitoe parafujo ndefu, aweke gogo chini ya bamba ili lisianguke, ndipo afungue parafujo zinazolishika. Visahani avitoe kimoja kimoja, akivipanga mezani kwa utaratibu ule ule. Avioshe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha avilaze juu ya kioo: kilichopinda kitacheza, nacho kibadilishwe. Mara nyingi hakuna kilichovunjika, ila uchafu tu. Avipake mafuta mapya, avirudishe, akaze kwa vidole, na ajaribu kwa kuzungusha kerezo kwa mkono kabla ya kurudisha umeme.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kusafisha klachi ni kazi ya siku moja. Kuchonga upya gurudumu lililovunjika meno ni kazi ya siku nyingi. Basi na tuikaze klachi kiasi cha kushika, tusipite hapo, tuiachie nafasi ya kuteleza.