MacPherson ni nani, na anafanya nini kwenye gari lako?

Ukifungua tairi la mbele la Corolla, Vitz au IST, utaona bomba nene limesimama wima, limezungukwa na springi. Mtaani tunaliita shokapu, basi. Vitabu vya ufundi vinaliita strati ya MacPherson. Mwezi uliopita nilishusha mbili za Corolla uani kwetu, nikabadilisha springi, bushi na boli jointi, na jina hilo likanikaa kichwani. Basi nikaanza kuchimba.

Earle S. MacPherson alikuwa mhandisi Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1891. Katikati ya miaka ya 1940 alisimamia mradi wa General Motors wa gari dogo, Chevrolet Cadet, lililopangwa kuuzwa chini ya dola 1,000. Magari mengi yaliyokuwa na springi huru mbele yalibebwa na mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini. Yeye akauondoa ule wa juu. Shokapu yenyewe ikawa nguzo: juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika gurudumu, na ukikata usukani inazunguka nalo. Vipuri vikapungua, gharama ikashuka.

Mwaka 1947 GM wakaufuta mradi. MacPherson akahamia Ford, na mwaka 1950 wazo lake likaonekana kwenye Ford Consul na Zephyr za Uingereza. Likafika kwetu pia. Peugeot 404 ilikuwa na strati hizo mbele, na ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Kwa hiyo anayesema kitu rahisi hakihimili barabara zetu, ajibiwe hivyo.

Lakini urahisi huo una bei yake, jamani. Springi imebanwa kwa nguvu ya kubeba gari, na kinachoizuia isiruke ni nati moja tu pale juu. Ukiifungua kabla ya kuibana springi, kile kifuniko kinaruka kama risasi. Kinaweza kuvunja taya, kinaweza kuua.

Fundi jirani aliyekuja kunisaidia alishika waya wa kufungia springi.

“Mdogo wangu, sisi tunafunga waya miaka yote.”

“Kaka, siku ukikatika?”

Akacheka, hakujibu. Tukaenda kuazima vibanio viwili vya springi, tukakaza kimoja kidogo, kingine kidogo, mpaka springi ikalegea kwenye vikombe vyake. Ndipo tukagusa nati. Ilituchukua dakika ishirini zaidi.

MacPherson alifariki mwaka 1960, miaka sita kabla ya Corolla ya kwanza, ambayo nayo ilitoka na strati zake mbele. Alichora kwa ajili ya kiwanda chenye mashine za kubana springi. Vijana wa gereji zetu wanaifungua chini ya mwembe, mara nyingi kwa waya. Siku nyingine ukipeleka gari, kabla ya kuuliza bei, muulize fundi anabana springi kwa nini.