Rais akisema, imesemwa? Historia fupi ya mamlaka ya Ikulu

1. Mjadala wa siasa ukipamba moto hapa kwetu, lazima atokee mtu aseme: "Rais ashasema, kwisha." Mwingine anamjibu: "Rais hana makosa, ni Bunge." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo leo nimeandika uzi. Kama kawaida yangu, sitaji jina la mwanasiasa wala chama. Twende polepole.

2. Nianzie nyumbani. Zamani, kabla sijazaliwa, babu yangu alikata ua wa boma lake pamoja na miti miwili ya avokado. Mkubwa mmoja alikuwa amesimama kwenye mazishi, mbele ya chifu, akasema amri imetoka juu: barabara inapita hapa mwezi ujao. Babu ni mtu wa kutii serikali, akashika panga. Barabara haikuja. Alipoenda afisini kuuliza, karani alimwuliza: "Mzee, barua iko wapi?" Babu hakuwa na barua. Alikuwa na kile alichosikia tu.

3. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikisoma sayansi ya siasa, na bado sijapata swali linalonisaidia kuliko hilo la karani. Mamlaka ya serikali kuu, yaani Rais, Naibu wake na Baraza la Mawaziri, yanatoka wapi? Mdomoni ama kwa karatasi? Na hiyo karatasi iliandikwa na nani?

4. Tulipopata uhuru Desemba 12, 1963, hatukuwa na Rais. Malkia wa Uingereza ndiye alikuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Serikali iliongozwa na Waziri Mkuu, ambaye alihitaji wabunge wamuunge mkono ndio akae kazini. Kulikuwa na Bunge la Wawakilishi na Seneti. Kulikuwa pia na majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake. Mamlaka yalikuwa yametawanywa makusudi.

5. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 12, 1964, tukawa jamhuri. Ukuu wa nchi na ukuu wa serikali vikawekwa mikononi mwa mtu mmoja. Chama kikuu cha upinzani kilikuwa kimejivunja mwezi mmoja kabla, kwa hivyo Bungeni hakukuwa na wa kuvuta breki. Majimbo nayo yakanyang'anywa nguvu zake.

6. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani kuna siku Rais aliamka akajitwalia kila kitu. Sivyo. Mamlaka yalipelekwa Ikulu kipande kwa kipande, na kila kipande kilipigiwa kura na wabunge. Hebu hesabu nami:

– 1966: mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni, anapoteza kiti na kurudi kwa wapiga kura.
– 1966 tena: serikali inaongezewa nguvu za kuweka watu kizuizini bila kesi.
– Mwanzoni mwa 1967: Seneti haipo tena. Maseneta wanaingizwa kwenye Bunge moja.
– 1968: Rais anapewa nafasi ya kuteua wabunge 12 yeye mwenyewe.
– 1982: kifungu cha 2A. Kenya ni nchi ya chama kimoja kwa sheria.
– 1986: Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali wanaondolewa ulinzi wa kazi zao.
– 1988: majaji nao wanaondolewa ulinzi huo. Mwaka huo huo polisi wanaruhusiwa kumzuilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa hadi siku 14 kabla ya kumpeleka kortini.

7. Soma tena hayo mawili ya mwisho. Mkaguzi ndiye anayeuliza pesa zetu zilienda wapi. Jaji ndiye anayeamua kama serikali imevunja sheria. Sasa wote wawili wanajua wanaweza kupoteza kazi bila hata jopo kuundwa liwasikilize. Hakuna haja ya mtu kuwapigia simu kuwatisha. Kila asubuhi wanajikumbusha wenyewe.

8. Huo ndio wakati mdomo ulikuwa sheria. Mawaziri walijua wamefutwa kazi wakisikiliza redio, taarifa ya habari ya saa saba mchana. Watu walikula chakula cha mchana na redio karibu, wengine kwa udaku, wengine kwa hofu. Hata mambo mazuri yalikuja kwa njia hiyo hiyo: maziwa ya bure shuleni yalitangazwa 1979, na wazazi wetu wanayakumbuka hadi leo. Mimi siwabishii, maziwa ni kitu kizuri. Ila kinachokuja kwa tamko kinaweza kukauka kimyakimya, na usijue utakidai kwa nani.

9. Kurudisha vipande hivyo kuligharimu watu. Saba Saba ya 1990 watu waliuawa barabarani. Mwaka huo ulinzi wa kazi wa majaji ulirudishwa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na kwenye mabadiliko ya kipindi hicho Rais akawekewa kikomo cha mihula miwili ya miaka mitano. Hata hivyo, mengi ya yale mengine yalibaki pale pale. Vyama vingi vilikuja, lakini kiti kilikuwa kile kile.

10. Ndiyo maana uchaguzi wetu ukawa kufa na kupona. Novemba 2005 tulikataa rasimu ya katiba, na moja ya mambo yaliyotugawanya ni nguvu za Rais na za Waziri Mkuu. Miaka miwili baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa na wengine wengi mno wakafukuzwa makwao. Mkataba wa Februari 2008 ulituliza mambo kwa kurudisha cheo cha Waziri Mkuu na kugawana serikali. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule: ukishinda Ikulu umeshinda kila kitu, ukishindwa huna chochote.

11. Katiba tuliyopitisha kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010 ilijaribu kutibu hapo. Kifungu cha 129 kinasema mamlaka ya utendaji yanatoka kwa wananchi. Kisha vikwazo vinafuata. Mawaziri ni kati ya 14 na 22, si wabunge, na lazima Bunge liwaidhinishe. Hali ya hatari ikitangazwa, inadumu siku 14 tu hadi Bunge liongeze muda. Kaunti 47 zinapata angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa. Rais anaweza kung'olewa na thuluthi mbili ya Bunge la Taifa, kisha thuluthi mbili ya Seneti. Oktoba 2024 tuliona utaratibu wa aina hiyo ukimwondoa Naibu wa Rais kwa mara ya kwanza.

12. Halafu kuna kifungu cha 135, kifupi sana, hakuna mtu hukitaja kwenye mijadala. Uamuzi wa Rais anapotekeleza kazi aliyopewa na Katiba lazima uwe kwa maandishi, uwe na muhuri wake na sahihi yake. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Ni swali la yule karani, sasa likiwa ndani ya Katiba.

13. Je, karatasi inatosha? Hapana. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Katiba inasema Rais anateua kulingana na mapendekezo ya tume. Walikaa wakingoja hadi 2021, wakaapishwa 34, na sita wakaachwa nje hadi Septemba 2022. Hakuna kifungu kilichobadilishwa. Kalamu ilikataa tu kuandika.

14. Na ule Mswada wa Fedha wa 2024? Mlisikia ati "Rais ameufuta." Rais hana kifutio. Bunge lilipitisha mswada Juni 25, siku ambayo vijana wa rika langu walipigwa risasi wakiupinga. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, akaurudisha Bungeni akitaka vifungu vyote viondolewe. Hiyo nguvu iko kwenye kifungu cha 115. Kwa kifungu hicho hicho, wabunge wangepata thuluthi mbili, wangeupitisha vile vile ulivyokuwa. Kwa hivyo yule wa "Rais ashasema, kwisha" alikosea. Lakini yule wa "ni Bunge" naye asijifiche, maana mswada huo ulitoka serikalini.

15. Sasa swali la mtihani wetu sote. Wakitaka kuongeza muhula wa Rais, lazima waje kwetu kwa kura ya maoni, kifungu cha 255. Lakini si kila kitu kina ulinzi huo. Idadi ya mawaziri, kwa mfano, wabunge na maseneta wanaweza kuibadilisha wenyewe wakipata thuluthi mbili. Kumbuka orodha ya namba 6: hakuna kipande hata kimoja kilichoibwa usiku. Kila kimoja kilisomwa Bungeni na mtu aliyechaguliwa akasema "ndiyo." Ukitazama Ikulu peke yake, unatazama mlango usio.

16. Kwa hivyo ukisikia tamko jukwaani, kanisani ama mazishini, kabla hujashangilia au kulia, uliza mambo matatu. Iko kwa maandishi? Ni kifungu gani kinampa nguvu hiyo? Pesa zake zilipitishwa na nani?

17. Ua wa babu ulimea tena. Miti ya avokado haikumea. Siku hizi mtu akimletea habari ya barabara, mzee haguswi. Anauliza tu, "Barua iko wapi?"

Mwenye swali aweke hapa chini, nitajibu nikitoka darasani.