Mlango wa Mtaa wa Banda

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nasi tukiishi Makongeni, Nairobi. Ijumaa akipata nafasi alikwenda mjini kuswali Msikiti wa Jamia. Akitoka pale alilitazama jengo la jirani: nguzo kubwa za mawe, ngazi pana na simba wawili wa mawe wakizilinda. Msikitini alipanga safu na Mhindi na Msomali, bega kwa bega. Hapo jirani, Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma kitabu hadi mwaka 1958. Baba alikuwa msomaji wa magazeti asiyeshiba, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Jengo lenyewe ni Maktaba ya McMillan ya Mtaa wa Banda, iliyofunguliwa mwaka 1931. Sir William Northrup McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa Marekani, mwenye mashamba Juja, ambaye mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda. Alifariki mwaka 1925 akazikwa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lady Lucie, ndiye aliyejenga maktaba kwa kumbukumbu yake, akisaidiwa na fedha za Carnegie, na mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe. Kwa hiyo kumbukumbu ya mtu mmoja ilipata jengo, fedha na sheria, katika mji ambao wengi wa wakazi wake walizuiwa mlangoni.

Mwaka 1962 Baraza la Jiji liliichukua. Baadaye Eastlands nayo ikapata matawi, Kaloleni na Makadara, na huko ndiko sisi tulikosomea kwa kweli. Kisha ikaja miaka mirefu ya uhaba wa fedha. Majengo yakachakaa, vitabu vikapigwa vumbi.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakakubaliana na serikali ya Kaunti ya Nairobi kuzifufua maktaba hizo. Nawaheshimu hasa kwa sababu walianza kukarabati Kaloleni na Makadara, wakaliacha jengo la simba lisubiri zamu yake. Kaloleni ni mtaa wa miaka ya 1940, na ukumbi wake wa kijamii ulisikia siasa za uhuru kabla hazijafika bungeni. Watu wa hapo hawakuhitaji kufundishwa kwamba mahali pa kusomea panaweza pia kuwa mahali pa kukutana.

Nilipoingia Kaloleni baada ya ukarabati, nilikuta rangi mpya, mwanga wa kutosha, na watoto wametandaza vitabu sakafuni huku wakisomewa hadithi. Wapo wanaokuja kwa mashairi, kwa filamu au kwa muziki. Wako wazee wanaonung'unika kwamba maktaba ni mahali pa kimya. Mimi sikubaliani nao. Kimya tulikuwa nacho tele wakati rafu zikioza.

Kazi ngumu imo ndani ya rafu. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu vya maktaba, uliotungwa mwaka 1876, unaipa fasihi ya Kiingereza namba zote kuanzia 820 hadi 829. Fasihi za lugha nyingi za Afrika zimebanwa pamoja kwenye 896, na Shaaban Robert utamkuta 896.392, nyuma ya nukta. Mtoto wa Kaloleni anayeitafuta lugha anayoongea nyumbani anastahili kuikuta mbele, pale anapoingia. Kupanga upya rafu kunadai wakutubi wenye muda na fedha za kuwalipa, na pia kunahitaji vitabu vyenyewe vinunuliwe.

Kuna jambo jingine lisiloweza kungoja fedha. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1958, mlango wa Mtaa wa Banda ulipofunguliwa, amevuka miaka 80. Magazeti ya walowezi yamehifadhiwa humo ndani, lakini maneno ya waliosimama nje hayakuandikwa popote. Maktaba zina kumbi na viti, na zina vijana wanaojua kutumia simu kurekodi sauti. Waiteni wazee wa Kaloleni, Makongeni na Makadara mwezi huu, muwaulize walikuwa wakisoma nini, na walikipata wapi.