Bastola mpya nayo huharibika: kasoro za kiwandani, chumvi ya pwani na risasi za zamani

Kila baada ya muda tunasikia kwenye taarifa ya habari kwamba bastola "ilifyatuka yenyewe" na mtu ameumia. Mara nyingi uchunguzi ukifanyika, kidole cha mtu hukutwa kilikuwa kwenye triga. Lakini si mara zote. Zipo bastola zilizotoka kiwandani na kasoro, na zipo zilizotoka nzima zikaharibiwa na hewa ya mahali zinapokaa. Sisi wa mwambao, tangu Mkinga hadi Pangani, jambo la pili linatuhusu zaidi kuliko watu wa bara.

Bastola nyingi za siku hizi ni zile zinazojijaza zenyewe. Ukifyatua, baruti inalipuka ndani ya ganda, risasi inatoka mbele, na chuma cha juu ya bastola kinarudi nyuma kwa kishindo. Kikirudi kinatupa nje ganda tupu, kisha springi inakisukuma mbele, nacho kinachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Yote hayo humalizika kabla hujapepesa jicho. Nguvu inayojaa ndani ya mtutu wa bastola ya milimita 9 kwa nukta hiyo ni zaidi ya mara 1,000 ya upepo wa tairi la gari dogo. Chuma chenye ufa, au springi iliyochoka, kinakutana na nguvu hiyo sentimita chache tu kutoka kwenye mkono wa mtu, na mara nyingine karibu na uso wake.

Zamani vipande vya ndani vilichongwa kimoja kimoja kutoka kwenye kipande cha chuma kigumu. Kazi hiyo ni ya ghali. Leo viwanda vingi hutengeneza vipande vidogo kwa chuma cha unga: unga laini wa chuma unachanganywa na nta au plastiki, unasukumwa kwenye kalibu, kisha nta inaondolewa na kipande kinachomwa kwenye tanuri mpaka chembe zishikane. Kipande husinyaa kiasi kikionekana kwa macho, kama tofali linavyosinyaa likikauka. Kazi ikifanywa vizuri, kipande hicho hudumu miaka mingi, na anayesema kila chuma cha unga ni kibovu anazidisha chumvi. Tatizo ni pale kiwanda kinapoharakisha. Vinabaki vijishimo vya hewa ndani ambavyo huwezi kuviona kwa nje, na siku moja kipande kinakatika.

Wala si kampuni ndogo tu zinazokosea. Kati ya mwaka 1987 na 1988, bastola za Beretta za jeshi la Marekani zilipasuka chuma cha juu, na baadhi ya wanajeshi wa majini wakapigwa usoni na kipande kilichoruka nyuma. Kampuni ililaumu risasi zilizokuwa na nguvu kupita kiasi. Wakaguzi wa serikali walisema chuma chenyewe hakikuwa na uimara wa kutosha. Mwishowe bastola ilibadilishwa umbo ndani, ili hata chuma kikikatika kisiweze kumrukia mtu.

Mwaka 2011 kampuni ya Glock, ambayo jina lake limejengwa juu ya uimara, ilijitolea kuwabadilishia wateja springi ya kurudishia katika bastola zake za toleo la nne. Mwaka 2014 Remington ilitoa bastola mpya iitwayo R51, na miezi michache baadaye ikaziomba zirudi kwa sababu ya ubovu wa utengenezaji. Mwaka 2015 Taurus ya Brazili ilikubali kumaliza kesi nchini Marekani iliyohusu aina tisa za bastola, karibu milioni 1 kwa hesabu, ambazo walalamikaji walisema zinaweza kufyatuka zikianguka. Kampuni haikukiri kosa.

Kesi inayozungumzwa zaidi sasa ni ya SIG Sauer P320. Bastola hii ilichaguliwa na jeshi la Marekani Januari 2017. Agosti mwaka huohuo, baada ya watu kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka, kampuni ilitangaza kuwabadilishia raia vipande vya ndani. Kesi mahakamani hazijaisha, na kampuni inashikilia kwamba bastola haifyatuki pasipo triga kuvutwa. Julai 2025 askari mmoja wa jeshi la anga alikufa katika kambi ya jimbo la Wyoming, na kikosi chake kikasimamisha matumizi ya bastola hiyo. Baadaye askari mwenzake alikamatwa kuhusiana na kifo hicho. Hata hivyo ukaguzi wa bastola karibu 8,000 uliofanyika kwa sababu ya tukio hilo ulikuta 191 zina vipande vilivyochakaa. Hapo utaona ugumu wake: katika tukio moja mtu anaweza kuwa na kosa, na bastola nazo zikawa na matatizo yake.

Kasoro hizi huchelewa kujulikana kwa sababu moja kubwa. Katika nchi kadhaa za Ulaya, sheria inataka kila bastola ifyatuliwe kwanza kwa risasi ya majaribio yenye nguvu inayozidi ya kawaida kwa asilimia 30 hivi, ndipo igongwe muhuri na kuuzwa. Marekani haina sheria ya namna hiyo. Viwanda vinajipima vyenyewe. Tena shirika la serikali ya Marekani linaloweza kulazimisha pasi au kiti cha mtoto kirudishwe kiwandani halina mamlaka juu ya bunduki. Kampuni ikiamua kuita bastola zake, tangazo linatoka kwa Kiingereza, kwa wateja wa kwao. Aliyenunua bastola iliyotumika, ikapita mikono miwili mitatu mpaka ikafika Tanga, tangazo hilo halimfikii. Itambidi yeye mwenyewe atafute namba ya bastola yake kwenye tovuti ya kampuni.

Sasa tuje kwenye chumvi. Anayeishi karibu na bahari anajua mabati, baiskeli na misumari vinavyoliwa na kutu. Bastola nyingi mpya zina mwili wa plastiki ngumu, na mtu akiona hapaoti kutu anadhani iko salama. Kutu inakwenda ndani, kwenye springi na pini ndogo ambazo hazionekani mpaka bastola ifunguliwe. Mkoba wa ngozi unaonyonya jasho ndio mbaya kuliko yote. Bastola ikilala humo wiki nzima wakati wa masika, inaamka na madoa.

Risasi nazo haziponi. Ushahidi mkubwa kabisa uko hapahapa kwetu, katika ghuba ya Manza, wilaya ya Mkinga. Aprili 1915 meli ya Wajerumani iliyokuwa imejifanya ya Denmark iliingia humo na shehena ya bunduki na risasi, ikifukuzwa na manowari ya Waingereza, ikashambuliwa na kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Wajerumani waliopoa mzigo. Risasi zilizoloa zilibidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, maganda yasafishwe. Pamoja na kazi yote hiyo, nyingi zilikataa kulipuka zilipotumika.

Risasi iliyokataa si hatari kama ile iliyolipuka nusu. Baruti yenye unyevu inaweza kuisukuma risasi mpaka katikati ya mtutu ikakwama. Unasikia mlio mdogo, kama wa kitu kilichozibwa. Ukifyatua ya pili juu yake, mtutu unapasuka. Kwa hiyo mlio ukiwa tofauti, acha hapohapo, elekeza mtutu pasipo na mtu, na usijaribu tena.

Vijijini silaha inayoonekana zaidi ni gobore, siyo bastola. Hilo halina muhuri wa kiwanda chochote wala chuma chake hakikupimwa na mtu, na kutengeneza silaha bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mwenye bastola ya leseni asiipeleke kwa fundi wa baiskeli wala kwa mchomelea vyuma, hata kama tatizo ni springi tu. Aanzie kituo cha polisi kilichosajili silaha yake, waelekeze kwa fundi anayeruhusiwa. Na anayeokota risasi shambani au ufukweni, nzima au yenye kutu, asiigonge wala asiitupe motoni. Awazuie watoto wasisogee, kisha amwite mwenyekiti wa kitongoji au polisi waje kuichukua.