Ndege iliyobaki kwenye karatasi na mawe ya Shinkolobwe

Watu wa Pweto, wenyeji pamoja na ninyi mliokimbia vita mkapokelewa hapa kando ya Ziwa Moero, leo tuzungumze habari ya zamani inayomgusa kila mtu wa Katanga.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani ilitaka ndege kubwa ya mabomu ya kuvuka Bahari ya Atlantiki, kupiga New York na kurudi bila kutua. Kutoka pwani ya Ufaransa hadi New York ni zaidi ya kilomita 5,000, kwenda tu. Mei 1942 mpango huo ulifikishwa kwa Göring, mkuu wa jeshi la anga. Kampuni ya Focke-Wulf ikachora ndege ya injini sita, Ta 400. Haikuundwa hata moja. Safari hiyo ilidai mafuta mengi mno, na viwanda vilikuwa vimeshazidiwa na mahitaji ya vita.

Kilichofika New York kilitoka kwetu. Mwaka 1940, Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka huko zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Yalipitia bandari ya Lobito, Angola, yakawekwa ghalani Staten Island, ndani ya mji uleule uliolengwa na Wajerumani. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopiga Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe.

Na wafanyakazi je? Desemba 1941 watu wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, maana bei zilikuwa zimepanda. Tarehe 9, mjini Lubumbashi, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Makumi walikufa, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi.

Ndege ambayo haikuruka imeandikiwa vitabu, na vipimo vyake vinajulikana. Waliochimba na kubeba mawe yale hawatajwi sana. Basi wazee, kama baba au babu yenu alifanya kazi migodini, wasimulieni watoto jina lake na kazi yake. Anayekimbia vita huacha nyumba, vyeti na picha. Jina la babu anaweza kulibeba.