Juni 1928: Maamuzi ya Lugha na Mambo ya Dunia

Katika vitabu vingi vya historia ya dunia mwezi wa Juni 1928 hupitwa haraka. Vita Kuu ya kwanza ilikwisha miaka kumi nyuma, na mporomoko wa soko la hisa la New York ulikuwa bado miezi kumi na sita mbele. Mwanahistoria ashughulikaye na Ulaya husimama Agosti, mwezi uliotiwa saini Paris mkataba wa kulaani vita, kisha huruka hadi Oktoba 1929. Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili, kwa upande wake, hukumbuka Juni 1928 kwa jambo moja tu, nalo ni mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na aghalabu hulitaja kana kwamba lilitokea kisiwani, mbali na dunia nyingine. Mambo hayo mawili yakisomwa pamoja, kila moja huonekana kwa sura tofauti kidogo.

Mambo yaliyojaza magazeti ya mwezi huo ni rahisi kuyataja. Tarehe 9 Juni Charles Kingsford Smith na wenzake watatu walitua Brisbane baada ya kuivuka Bahari ya Pasifiki kwa ndege kutoka Oakland, wakipitia Honolulu na Suva. Tarehe 18 Amelia Earhart akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege, ingawa mwenyewe hakuficha kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa wanaume wawili na yeye alikuwa abiria tu. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 25, iliirudisha faranga kwenye dhahabu kwa thamani ipatayo moja ya tano ya ile ya kabla ya vita, na wenye akiba wakajua rasmi hasara waliyokuwa wakiihisi kwa miaka mingi. Nchini Marekani chama cha Republican kilimteua Herbert Hoover. Huko London, Emmeline Pankhurst alifariki tarehe 14, majuma machache kabla ya kutimia sheria iliyowapa wanawake wa Uingereza haki ya kura sawa na wanaume. Siku iyo hiyo Bunge la Uingereza lilikataa kwa mara ya pili marekebisho ya Kitabu cha Sala cha Kanisa la nchi hiyo. Hili la mwisho halina budi kumfurahisha mtaalamu wa lugha: wabunge, na wengine miongoni mwao hawakuwa hata waumini wa Kanisa hilo, walipiga kura juu ya maneno ambayo watu wangeruhusiwa kuyatamka wakipiga magoti.

Hadithi iliyoishika dunia kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya barafuni. Meli ya angani iliyoitwa Italia, ikiongozwa na Umberto Nobile, ilikuwa imeanguka tarehe 25 Mei ikirejea kutoka Ncha ya Kaskazini. Watu sita walichukuliwa na upepo pamoja na mabaki ya puto lake na hawakuonekana tena. Waliotupwa juu ya barafu walibaki na hema dogo na mtambo wa redio. Kwa siku nyingi mwendeshaji wa redio, Giuseppe Biagi, alituma wito wake bila kujibiwa. Aliyeusikia kwanza, tarehe 3 Juni, hakuwa mtaalamu wa serikali yoyote. Alikuwa Nikolai Schmidt, kijana mpenda redio katika kijiji cha kaskazini ya Urusi, aliyekuwa na chombo alichokiunda mwenyewe. Ndipo meli na ndege za mataifa kadhaa zikaanza kutafuta. Tarehe 18 Roald Amundsen, mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, ambaye hakuwa akielewana na Nobile hata kidogo, aliondoka Tromsø kwa ndege ya Kifaransa kwenda kumtafuta, na yeye na wenzake watano wakapotea moja kwa moja. Rubani wa Kiswidi, Einar Lundborg, alipofanikiwa kutua karibu na hema, alimchukua Nobile kwanza, na kiongozi kuokolewa kabla ya watu wake kukawa aibu iliyomwandama maisha yake yote. Waliosalia waliokolewa mwezi wa Julai na Krasin, meli ya Kisovieti ya kuvunjia barafu.

Mambo mazito zaidi hayakupewa nafasi kama hiyo. Alfajiri ya tarehe 4 Juni bomu lililipua gari la moshi lililokuwa likimrudisha Zhang Zuolin, mtawala wa Manchuria, kutoka Beijing kwenda Mukden. Waliolitega walikuwa maafisa wa jeshi la Kijapani la Kwantung, wakiongozwa na Kanali Kōmoto Daisaku, ambao hawakuagizwa na serikali yao. Zhang alikufa siku hiyo, lakini kifo chake kilifichwa kwa zaidi ya majuma mawili ili mwanawe, Zhang Xueliang, apate kuushika utawala. Majeshi ya upande wa Wazalendo yaliingia Beijing tarehe 8, na kwa kuwa makao makuu ya serikali sasa yalikuwa Nanjing, mji ule wa kale ulivuliwa jina lake na kuitwa Beiping. Maafisa walioua walitaraji ghasia itakayowapa sababu ya kuitwaa Manchuria. Hawakuipata mwaka huo. Wenzao waliipata mjini humo humo Septemba 1931. Ajabu ni kwamba Kanali yule hakufikishwa mbele ya mahakama. Yamkini hakuna jambo la mwezi ule lililokuwa na matokeo mabaya zaidi kuliko kule kuachwa kwake.

Huko Belgrade, tarehe 20, mbunge mmoja, Puniša Račić, alifyatua bastola ndani ya Bunge la Ufalme wa Waserbia, Wakroati na Waslovenia. Wabunge wawili wa Kikroati walikufa papo hapo, na kiongozi wao, Stjepan Radić, alikufa kwa majeraha mwezi wa Agosti. Mfalme Aleksandar aliifuta katiba Januari 1929, na mwaka huo huo nchi ikaitwa Yugoslavia. Tukio hili lina fundisho kwa wachunguzi wa usanifishaji. Mwaka 1850 wataalamu wachache wa Kiserbia na Kikroati, pamoja na Msloveni mmoja, walikutana Vienna wakakubaliana kuchagua lahaja moja ya kusini iwe msingi wa lugha ya maandishi ya pamoja. Lahaja hiyo ilikuwa lugha ya mama ya watu wa pande zote mbili; hapakuwa na mgeni aliyewachagulia. Matusi yaliyotangulia risasi za Belgrade yalieleweka na kila aliyekuwamo ukumbini bila mkalimani. Leo watu wale wana madola mbalimbali na majina mbalimbali ya lugha zao, na mtu wa Zagreb bado humwelewa mtu wa Belgrade bila taabu. Dai la kwamba lugha moja huleta umoja wa watu, dai lililotumiwa sana Afrika ya Mashariki, lahitaji kupimwa kwa mfano huu.

Mfano mwingine ulikuwa Ankara. Mwezi wa Mei Bunge la Uturuki lilikuwa limepitisha sheria ya kutumia tarakimu za kimataifa, na mwishoni mwa Juni tume ya lugha ilianza kikao chake ili kuitafutia Kituruki alfabeti ya Kilatini badala ya hati ya Kiarabu. Miongoni mwa wajumbe walikuwapo waliofikiria kipindi cha mpito cha miaka mitano, na wengine miaka kumi na mitano. Mustafa Kemal hakuwa na subira hiyo: aliitangaza alfabeti mpya mwezi wa Agosti, na sheria ikapitishwa tarehe 1 Novemba. Msomi aliyelala akiwa bingwa wa maandishi ya mababu zake aliamka akiwa sawa na mtoto wa darasa la kwanza.

Mkutano wa Mombasa, basi, ulikaa katika mwezi ambao watu wengine pia walikuwa wakikata mashauri ya lugha. Tofauti ni nani aliyekata shauri, na kwa ajili ya nani. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, wakati wa Gavana Donald Cameron, ulikuwa umeona haja ya tahajia moja na vitabu vya aina moja. Serikali nne za Kiingereza, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, zilihitaji vitabu vya shule vya gharama nafuu, na kitabu kimoja kilichoweza kusomwa Tanga na Kisumu kilikuwa nusu ya gharama ya vitabu viwili. Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na siasa. Tume ya Hilton Young ilikuwa imezunguka nchi hizi ikichunguza uwezekano wa kuziunganisha, na ripoti yake ilitolewa Januari 1929. Uganda, Gavana Gowers alikuwa ameandika mwaka 1927 akikitetea Kiswahili, na Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi mwaka 1929, akihofia Luganda na nafasi ya Buganda.

Walioonana Mombasa walikuwa maofisa na wamishenari, na pamoja nao Profesa Carl Meinhof wa Hamburg, bingwa wa isimu ya lugha za Kibantu. Swali halikuwa kama kuwe na lugha sanifu. Hilo lilikuwa limekwisha. Swali lilikuwa lahaja gani. Misheni ya UMCA ilikuwa na Kiunguja tangu siku za Askofu Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. CMS ilikuwa na Kimvita tangu Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kisha kazi ya W. E. Taylor. Kila upande ulikuwa na Biblia yake, na aliyeshindwa angeuona mtaji wa miaka mingi ukioza ghalani. Kiunguja kilishinda kwa sababu isiyohusiana na ubora wake. Ndicho kilichokwenda bara na misafara ya biashara, na ndicho kilichokuwa karibu na Kiswahili kilichotumiwa na Wajerumani katika shule na ofisi za Tanganyika. Lugha ya watu wengi zaidi ilipewa ushindi, nayo ni hoja ambayo mtu mwadilifu hawezi kuidharau.

Lakini kilichopotea kilikuwa na uzito. Kimvita kilikuwa, pamoja na lahaja za Lamu na Pate, lugha ya hazina kubwa ya ushairi. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi yapata mwaka 1840, zilihifadhiwa kwa juhudi za Taylor na za mwenyeji wake, Mwalimu Sikujua, katika lahaja hiyo hiyo, na zilichapishwa kuwa diwani mwaka 1940 tu, miaka kumi na miwili baada ya lahaja yake kuwekwa kando. Mtoto wa Mombasa aliyesema mato, kuteka na ndia aliambiwa darasani kwamba sahihi ni macho, kucheka na njia. Sauti mbili za t ambazo masikio yake yalizipambanua bila kufikiri ziliandikwa kwa herufi moja. Tofauti ya paa la nyumba na paa wa mwituni, ambayo hutamkwa kwa pumzi, haikupewa alama. Aidha hati ya Kiarabu, ambayo kwayo Waswahili walikuwa wakiandikiana barua na kunakili tenzi kwa karne kadhaa, haikuzungumzwa kama mshindani. Herufi za Kirumi zilikuwa zimekwisha kushinda kwa vitendo, katika shule na viwanda vya chapa. Waturuki waliivua hati yao kwa sheria, na makelele yakasikika dunia nzima. Waswahili walivuliwa yao bila hata kikao.

Kamati ya Lugha ya nchi nne iliundwa tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Ilipoanza haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Ilisahihisha miswada, ikatia muhuri vitabu, na mwaka 1939 kamusi yake ikatoka. Ni haki kusema kwamba bila kazi hiyo Tanganyika isingepata kwa wepesi ule lugha ya siasa ya miaka ya 1950, wala waandishi wa Nairobi na Dar es Salaam wasingekuwa na soko moja la wasomaji. Ni haki pia kusema kwamba muhuri ule uliwafanya wenye lugha wawe waombaji kwa wageni. Shihabuddin Chiraghdin alilirudia dai la Mvita katika Historia ya Kiswahili, aliyoiandika na Mathias Mnyampala na iliyotoka mwaka 1977. Naye Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa maandishi yake ya kisiasa, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, katika lahaja ya Mombasa. Wasomaji wa Kiswahili sanifu waliyasoma, na kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata.

Kamati yenyewe ilihama mara nyingi. Kutoka Dar es Salaam ilikwenda Nairobi, kisha Makerere. Mwaka 1962 ililetwa Mombasa, mjini ambako lahaja ya wenyeji ilikuwa imeshindwa miaka thelathini na minne kabla. Haikukaa sana, mwaka 1964 kazi yake ilikuwa imekwisha kukabidhiwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam.